Kuzisaka seli zinazoikuza sarkoma: kuanzia kipande cha uvimbe hadi jaribio la dawa

Sarkoma ni jina la ukoo, si la ugonjwa mmoja. Ndani ya ukoo huo mna aina zaidi ya 70 za saratani, zote zikianzia kwenye tishu zinazoushikilia mwili: mfupa, gegedu, msuli, mafuta, mishipa ya damu. Kwa watu wazima ni kama asilimia 1 tu ya saratani zote. Kwa watoto fungu lake ni kubwa zaidi. Mara nyingi mambo huenda hivi: uvimbe unasinyaa kwa dawa, picha zinaonyesha nafuu, kisha baada ya miezi uvimbe uleule unachipuka tena, mara nyingine kwenye mapafu.

Unarudi kwa sababu seli za uvimbe hazina uwezo sawa. Zipo zilizokwisha kuanza kukomaa na hazitagawanyika mara nyingi tena. Zipo zinazogawanyika haraka lakini kwa muda mfupi. Na zipo, mara nyingi chache, zinazoweza kuujenga uvimbe mzima upya, pamoja na aina zote za seli zilizokuwamo. Hizo ndizo tunazozisaka. Hapa tunaziita seli endelezi, kwa kuwa kazi yake ni kuuendeleza uvimbe; jina la seli shina za saratani linabeba madai mengi zaidi kuliko majaribio mengi yanavyoweza kuthibitisha.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye maabara ya usalama wa daraja la 2, mashine ya kutenganisha seli, kibali cha kutumia tishu za wagonjwa na kibali cha kufanya kazi na wanyama. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba alama iliyo juu ya seli ni dokezo tu. Kinachoamua ni uwezo wa seli chache kujenga uvimbe, na uvimbe huo ukivunjwa, kujenga mwingine. Dawa nayo ipimwe kwa mizani hiyohiyo.

Jua kwanza ni sarkoma gani

Sarkoma zinagawanyika katika makundi mawili makubwa kijenetiki, na mgawanyiko huo unaamua utazitambuaje seli za saratani kati ya seli nyingine zilizochanganyika nazo. Kundi la kwanza lina jeni mbili zilizovunjika na kuungana. Sarkoma ya Ewing huwa na EWSR1-FLI1 kwa takriban asilimia 85 ya wagonjwa, kutokana na kubadilishana vipande kati ya kromosomu 11 na 22. Sarkoma ya sinovia ina SS18-SSX, kati ya X na 18. Rabdomiosarkoma ya alveoli ina PAX3-FOXO1 au PAX7-FOXO1. Hapa una bahati: kila seli ya saratani imebeba muhuri usiopatikana kwenye seli ya kawaida. Ukitenga kundi la seli, pima muhuri huo kwa PCR au kwa vipande vya DNA vyenye rangi ya kung'aa. Kundi lisilo na muhuri ni seli za jirani, hata kama zinaota vizuri sahanini.

Kundi la pili lina kromosomu zilizovurugika bila mpangilio, kama sarkoma pleomofi isiyo na mwelekeo na osteosarkoma. Huko tegemea sehemu za jenomu zilizoongezeka au kupotea. Liposarkoma iliyopoteza ukomavu ina faida yake: nakala nyingi za MDM2 na CDK4 kutoka kromosomu 12, zinazoonekana wazi.

Sasa alama. Kosa linaloharibu miradi mingi ni kuazima alama kutoka saratani za tabaka la juu la viungo. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba seli za saratani ya matiti zenye CD44 na zisizo na CD24, hata zikiwa mia chache, zilijenga uvimbe kwenye panya. Tangu hapo CD44 ikageuka ufunguo wa kila mlango. Kwenye sarkoma mlango huo haufunguki, kwa sababu sarkoma yenyewe inatoka kwenye tishu ya mesenkaima, yaani asili ya mfupa, msuli na mafuta. CD44, CD73, CD90 na CD105 hukaa juu ya karibu kila seli ya uvimbe, na pia juu ya fibroblasti za kawaida, seli za tishu unganishi, zilizomo humo. Alama inayobandikwa kwa asilimia 95 ya seli haitenganishi kitu.

Dokezo zenye msingi kwenye sarkoma ni hizi. Mwaka 2005 seli za osteosarkoma zilionyeshwa kuota kama vitufe vinavyoelea, zikiwa na protini za ushina kama Oct3/4 na Nanog. Mwaka 2007 seli zinazotema rangi ya Hoechst kutoka sarkoma mbalimbali zilionyesha uwezo mkubwa zaidi wa kuanzisha uvimbe. Mwaka 2009 CD133 ilitumika kutenga seli endelezi za sarkoma ya Ewing. Kimeng'enya cha ALDH kinachofanya kazi kwa nguvu kimetumika kwenye aina kadhaa. Chagua mbili zisizotegemeana, mathalani moja ya juu ya seli na moja ya utendaji. Ukitegemea moja peke yake, hutajua ni lini imekudanganya.

Kuvunja kipande

Hapa ndipo majaribio mengi yanapofia, ingawa kazi yenyewe inaonekana ya kawaida. Kipande kitoke chumba cha upasuaji ndani ya kiowevu baridi cha kuoteshea, kwenye barafu, kifike mezani ndani ya saa moja au mbili. Gramu 0.5 hadi 1 inatosha. Kata na kutupa sehemu iliyokufa: ni laini, ya manjano au kijivu, na inavunjika kama jibini. Katikati ya uvimbe mkubwa huwa pamekufa, chukua ukingo. Kisha gawa: kipande kimoja kwenye formalini ya asilimia 10 kwa mtaalamu wa patholojia, kimoja kigandishwe mara moja kwenye nitrojeni ya maji kwa DNA na RNA, kinachobaki ndicho cha kuvunja. Usiruke kipande cha patholojia. Bila hicho hutajua kama ulichovunja kilikuwa uvimbe au kovu.

Katakata kwa visu viwili hadi vipande vya milimita 1 hivi. Kwa kila gramu weka mililita 10 za kiowevu chenye kolajenesi miligramu 1 hadi 2 kwa mililita na DNase I mikrogramu 100 kwa mililita. Weka kwenye nyuzi 37, ukitikisa taratibu, dakika 30. Vuta na kusukuma mara 10 kwa pipeti ya mililita 10, angalia tone chini ya hadubini, kisha ongeza dakika 15 kwa 15. Ukipita saa moja na nusu unaua unachotafuta.

Kolajenesi haifanyi kazi bila kalsiamu, na DNase I inahitaji magnesiamu. Kwa hiyo EDTA, inayozinasa zote mbili, isiingie hatua hii. Iweke baadaye, ukishasafisha vimeng'enya, ili kuzuia seli zisishikane. Mchanganyiko ukigeuka ute unaovutika kama gundi, hiyo ni DNA iliyomwagika kutoka seli zilizopasuka. Watu wengi hapo huongeza nguvu ya pipeti, na kila mvuto unapasua seli nyingine na kumwaga DNA zaidi. Ongeza DNase I na magnesiamu hadi milimola 5, subiri dakika 5, ute utaachia wenyewe. Tofautisha ute huo na ule wa uvimbe wenye asili ya ute, kama liposarkoma ya miksoidi: ule ni hialuroniki, na dawa yake ni kuongeza hialuronidesi yuniti 100 kwa mililita tangu mwanzo. Vipande vigumu vya osteosarkoma vyenye madini ya mfupa havitayeyuka kwa kimeng'enya chochote kati ya hivi. Viache kwenye chujio.

Tripsini iepuke kabisa. Inakata protini za juu ya seli, na alama uliyokuja kuitafuta itaonekana haipo kumbe umeinyoa mwenyewe. Ndiyo maana, kabla ya kuanza mradi, chukua seli za mstari unaojulikana kuwa na alama hiyo, uzipitishe kwenye mchanganyiko wako wa vimeng'enya kwa muda uleule, na ulinganishe mwangaza kabla na baada.

Chuja kwa chujio la mikromita 70, kisha 40. Kwa sarkoma pleomofi ishia kwenye 70: seli zake kubwa huzidi upana wa mikromita 40, na chujio dogo litakuachia sampuli isiyofanana na uvimbe. Zungusha kwenye sentrifuji kwa 300 g, dakika 5, nyuzi 4. Seli nyekundu za damu zipasue kwa bafa ya amonia kloridi dakika 3 kwenye barafu, si zaidi. Hesabu kwa bluu ya tripani. Seli hai zikiwa chini ya asilimia 80, ondoa kwanza zilizokufa, maana seli iliyokufa inanasa kila kingamwili na itajipanga kwenye dirisha lako kama seli adimu uliyoiota.

Kama lengo ni kusoma RNA ya seli mojamoja, njia hii ya joto ina dosari kubwa: ndani ya nusu saa seli huwasha FOS, JUN na jeni za msukosuko wa joto, na utadhani umegundua kundi jipya. Tumia protisi, kimeng'enya cha kukata protini, inayofanya kazi kwenye nyuzi 6, au toa viini kutoka tishu iliyogandishwa. Kumbuka pia kwamba vifaa vinavyosoma ncha ya 3′ ya RNA mara chache hufika pale jeni mbili zilipoungana, hivyo kutoona EWSR1-FLI1 kwenye seli si ushahidi kwamba haimo. Tambua seli za saratani kwa mabadiliko ya idadi ya nakala za kromosomu.

Kutenganisha

Seli milioni 1 katika mikrolita 100 za bafa yenye seramu asilimia 2. Ziba vipokezi vya Fc, vinavyonasa kingamwili yoyote, dakika 10, ongeza kingamwili, dakika 20 hadi 30 kwenye barafu gizani, safisha mara mbili, weka DAPI, rangi inayoingia seli zilizokufa, muda mfupi kabla ya mashine. Chora madirisha kwa mpangilio huu: toa vifusi, toa seli pacha zilizogandana kwa kulinganisha eneo na kimo cha mwanga wa mbele, toa zilizokufa, kisha toa CD45 na CD31, yaani seli za damu na za kuta za mishipa. Uvimbe wa binadamu uliooteshwa ndani ya panya toa pia seli za panya kwa kingamwili ya H-2K. Mwisho ndipo uje kwenye alama yako. Mpaka wa dirisha hilo uwekwe kwa kidhibiti, yaani sampuli ya kulinganishia, chenye rangi zote kasoro ile moja. Kingamwili ya aina isiyolenga kitu haitoshi kwa kundi la asilimia 1.

Nozeli iwe ya mikromita 100 na shinikizo la pauni 20 kwa inchi ya mraba. Nozeli ya 70 ni ya haraka, lakini seli za sarkoma ni kubwa na hupasuka. Pokea kwenye kiowevu chenye seramu nyingi, bomba likiwa baridi. Pokea makundi matatu: yenye alama, yasiyo na alama, na zote zilizo hai bila kuchagua. Kundi la tatu ndilo linalosahaulika. Bila hilo hujui kama tofauti inatokana na alama au na safari ya kupita mashineni.

Kwa ALDH kuna kipimo cha Aldefluor: seli milioni 1 kwa mililita, dakika 30 hadi 45 kwenye nyuzi 37, na bomba la pili la sampuli ileile lenye kizuizi cha DEAB. Mpaka wa dirisha unachorwa kwa bomba la DEAB la siku hiyohiyo. Baada ya hapo seli zikae kwenye bafa ya kipimo, kwenye barafu, kwa sababu zikipata joto zinaitema rangi. Rangi hii ni ya kijani. Seli ulizozitia GFP, protini inayong'aa kijani, hazifai hapa.

Kwa seli zinazotema rangi, tumia Hoechst 33342 mikrogramu 5 kwa mililita, seli milioni 1 kwa mililita, nyuzi 37 kamili, dakika 90. Weka bomba la kidhibiti lenye verapamili mikromola 50 hadi 100: kundi lako likibaki palepale hata pampu zikiwa zimezibwa, si kundi la kweli. Joto likiyumba nyuzi mbili tu, matokeo yanahama. Tena Hoechst hujishika kwenye DNA na ni sumu, kwa hiyo seli zilizoinywa huenda zikashindwa kuota kwa sababu umezitia sumu, wala si kwa kukosa uwezo. Ndiyo sababu tunaitaka njia hii iwe ya pili, isiwe ya kwanza.

Vitufe

Kipimo cha vitufe ni cha bei nafuu na cha haraka, na kinafaa kuchuja dawa nyingi kabla ya kufika kwa panya. Sahani isiyoshika seli, kiowevu kisicho na seramu, vichochezi vya ukuaji EGF na bFGF nanogramu 10 hadi 20 kwa mililita kila kimoja, methilselulosi asilimia 1 ili seli zisielee na kukutana. Hesabu vitufe vinavyozidi mikromita 50 baada ya siku 7 hadi 14, vivunje, panda tena kwa idadi ileile. Kinachotakiwa ni kuendelea kuzaa vitufe kizazi hadi kizazi. Kosa la kawaida ni seli kushikana na kuitwa kitufe. Lipime hivi: changanya nusu za seli nyekundu na nusu za kijani. Vitufe vya rangi mbili vikitokea, umepanda seli nyingi mno. Shuka chini ya seli 1 kwa mikrolita, au panda seli moja kwa kila kishimo.

Kupandikiza: jaribio linaloamua

Tumia panya wa NSG, wasio na seli T, seli B wala seli NK. Aina ya panya si jambo dogo. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwa melanoma kwamba, ukihama kutoka panya wa NOD/SCID, ambao bado wana kinga kidogo, kwenda NSG, ukaongeza Matrigel, jeli ya protini, na ukangoja zaidi, kadirio la seli endelezi linapanda kutoka moja katika laki kadhaa hadi takriban moja katika nne. Seli ni zilezile. Kilichobadilika ni kipimo. Kwa hiyo andika daima aina ya panya, mahali pa sindano na muda wa kungoja sambamba na namba yako, na usilinganishe namba zako na za maabara nyingine iliyofanya tofauti.

Panga dozi za seli 10, 100, 1,000 na 10,000, panya 8 kwa kila dozi, kwa kila kundi. Seli ziwe katika mikrolita 50 za kiowevu, zichanganywe na mikrolita 50 za Matrigel. Matrigel iyeyushwe usiku kucha kwenye nyuzi 4, na ncha za pipeti na mabomba ya sindano yapozwe kwenye barafu. Ikipata joto la chumba inaganda ndani ya sindano. Tumia bomba la insulini lisilobakiza kiowevu shingoni, maana kwa dozi ya seli 10 mikrolita chache zilizobaki ni seli nzima. Chini ya ngozi ni rahisi kupima. Ndani ya msuli wa shavu la mguu, au kwenye goko kwa osteosarkoma, ni karibu zaidi na ukweli. Ngoja miezi 6 kabla ya kuandika kwamba hakuna uvimbe. Mnyama apumzishwe mapema uvimbe ukifika milimita 15 au akionyesha mateso, kadiri kamati yako ya maadili ilivyoagiza.

Hesabu inafuata mtawanyo wa Poisson: dozi ambayo asilimia 37 ya panya wanabaki bila uvimbe ndiyo yenye wastani wa seli endelezi moja. Programu ya ELDA, iliyotolewa mwaka 2009, huunganisha dozi zote na kukupa kadirio pamoja na mipaka yake ya uhakika. Lakini fanya walau hesabu moja kwa mkono. Tuseme kundi lenye alama, kwa seli 100, limeacha panya 3 kati ya 8 bila uvimbe. Logi asilia ya 0.375 ni hasi 0.981, gawa kwa 100, unapata seli endelezi 1 kati ya 102. Kundi lisilo na alama, kwa seli 10,000, limeacha panya 6 kati ya 8 bila uvimbe. Logi ya 0.75 ni hasi 0.288, gawa kwa 10,000, unapata 1 kati ya takriban 34,800.

Inavutia kuandika kwamba kundi lisilo na alama nalo lina seli endelezi, ila adimu. Subiri. Ili panya hao wawili wapate uvimbe, inatosha seli 29 zenye alama ziwe zimeponyoka ndani ya kila 10,000. Hiyo ni asilimia 0.29. Mashine iliyokuonyesha usafi wa asilimia 99 imekuachia seli 100, zaidi ya mara tatu ya zinazohitajika. Kwa hiyo ama tenganisha mara mbili hadi usafi upite asilimia 99.9, ama uukague uvimbe uliotoka kundi lisilo na alama. Kama ndani yake alama imerudi, maana mbili zinabaki: seli zisizo nayo zimegeuka kuwa nayo, au ulipandikiza zilizoponyoka. Utazitofautisha kwa kutia makundi mawili rangi mbili tofauti kabla ya kuyapandikiza.

Uvimbe uliopatikana uvunje, utenge tena kwa alama zilezile, uupandikize kwa panya wengine. Uvimbe wa kwanza unaonyesha uwezo wa kuota tu. Kujizalisha kunaonekana kwenye wa pili, na tunapendelea kuona na wa tatu. Hakikisha pia kwamba kilichoota ni sarkoma: tishu ya mgonjwa huja na limfosaiti, na ndani ya panya asiye na kinga virusi vya Epstein-Barr vinaweza kuzigeuza seli B kuwa limfoma. Kipimo cha CD45 na CD20 kwa kila uvimbe mpya kinakuepusha na aibu hiyo. Jirani za binadamu nazo hupungua kila unapopandikiza upya, na za panya huchukua nafasi.

Kuzifuata zikiwa nyumbani kwake

Kupandikiza kunauliza seli inaweza kufanya nini ikihamishwa. Kuna swali la pili: inafanya nini pale ilipo? Kwa hilo tumia panya waliobadilishwa jeni, ambao Cre, kimeng'enya cha kukata na kuunga DNA, inawasha rangi ndani ya seli teule uvimbe ukiwa tayari umeota, au tia seli vitambulisho vya DNA kwa virusi vya lenti. Kwa vitambulisho, uwiano wa virusi kwa seli uwe 0.1. Hapo karibu asilimia 9.5 tu ya seli huingiwa, lakini asilimia 95 ya hizo hubeba kitambulisho kimoja. Kwa seli 100,000, maktaba iwe na vitambulisho tofauti vya kufika milioni 10, vinginevyo seli mbili zisizo ndugu zitaitwa jina moja.

Samaki aina ya zebrafishi wametoa picha safi kuliko zote. Uvimbe wa rabdomiosarkoma uliowashwa kwa jeni ya saratani kRAS ndani ya samaki ambaye myf5, jeni ya seli changa za msuli, inang'aa kijani na protini ya msuli mkomavu inang'aa nyekundu hutenganishika kwa macho: seli za kijani zisizo nyekundu ndizo zinazojenga uvimbe upya zikipandikizwa, na zilizokwisha kuwa nyekundu zimekwisha kukomaa. Mwili wa samaki mchanga unapitisha mwanga, hivyo unaona zipi zinahama na zipi zinatulia bila kuua mnyama.

Kuzilenga

Kuna njia kuu tatu: kuziua, kuzikomaza, au kuzinyang'anya ishara zinazozifanya zijizalishe. Kwa sarkoma tunaipa kukomaza uzito zaidi ya watu wengi, kwa sababu nyingi za sarkoma hizi ni seli zilizokwama njiani kuelekea kuwa msuli, mfupa au mafuta. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba trametinibu, kizuizi cha MEK, protini inayopokea ishara ya RAS, huzisukuma seli za rabdomiosarkoma zenye RAS iliyobadilika kuelekea ukomavu wa msuli. Kwa ishara, kazi ya mwaka 2012 kwenye sarkoma pleomofi ilionyesha kwamba njia mbili za ishara, Hedgehog na Notch, zinashikilia kujizalisha. Nirogasestati, inayozuia Notch kwa njia ya gama-sekretesi, iliidhinishwa Marekani Novemba 2023 kwa uvimbe wa desmoidi, na tazemetostati, inayozuia kimeng'enya cha EZH2, mwaka 2020 kwa sarkoma ya epithelioidi. Yapo na ya kuvunja moyo: jaribio la kizuizi cha Hedgehog kwa wagonjwa wa saratani ya gegedu lilisimamishwa mwaka 2012 kwa kuwa dawa haikuishinda dawa bandia. Ishara kuwapo ndani ya seli haina maana kwamba seli inaitegemea. Kabla ya kununua dawa, ikate jeni hiyo ndani ya seli zilizotengwa.

Ikate kwa swichi, yaani kizuizi cha jeni kinachowashwa kwa dawa. Ukiondoa jeni kabla ya kupandikiza na uvimbe usiote, huenda umezuia seli kushika tu. Acha uvimbe ufike milimita za ujazo 100 hadi 200, yaani nusu ya urefu mara upana mara upana, kisha washa kizuizi kwa doksisaiklini miligramu 2 kwa mililita kwenye maji yenye sukari asilimia 5, chupa ikiwa imefungwa karatasi ya alumini, ibadilishwe mara mbili au tatu kwa wiki. Weka panya wanaokunywa doksisaiklini lakini hawana kizuizi, maana dawa hii yenyewe inagusa mitokondria.

Kisha dawa. Gawa panya kwa kura baada ya kulinganisha ukubwa wa uvimbe. Kundi la kidhibiti lipewe kiowevu kilekile kisicho na dawa. Matibabu yakiisha ngoja saa 48 dawa itoke, vunja uvimbe, hesabu seli hai za saratani, na uzipandikize kwa panya wasiopewa kitu, kwa dozi zilezile nne. Kama ulitumia doksorubisini, kumbuka inang'aa yenyewe rangi ya chungwa ndani ya seli. Kingamwili yenye rangi ya PE itakuonyesha kundi jipya ambalo ni dawa tu.

Sasa linganisha jumla, usilinganishe ukubwa peke yake. Chukua mfano wa uvimbe wa kidhibiti wenye seli milioni 100, endelezi zikiwa 1 kati ya 100: jumla milioni 1. Dawa ya kwanza imeacha seli milioni 30, uvimbe umesinyaa kwa asilimia 70 na kila mtu amefurahi, lakini endelezi sasa ni 1 kati ya 30. Jumla bado ni milioni 1. Umefagia seli ambazo zingekufa zenyewe. Dawa ya pili imeacha seli milioni 80, picha haionyeshi chochote cha maana, ila endelezi zimeshuka hadi 1 kati ya 2,000. Jumla ni 40,000, pungufu mara 25. Ya pili ndiyo ya kuendelea nayo, ikifuatana na ya kwanza. Ukipima ukubwa peke yake ungeitupa.

Na ukifika mahali ambapo dozi kubwa uliyoipandikiza haikuota kwa panya hata mmoja, mathalani seli 1,000 kwa panya 8 na wote safi baada ya miezi 6, usiandike sifuri. Umejaribu seli 8,000 kwa jumla. Gawa 8,000 kwa 3, unapata takriban 2,670, na unachoweza kudai kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba seli endelezi ni chache kuliko 1 kati ya 2,670. Kama ndani ya uvimbe uliotibiwa zimebaki seli hai milioni 80, bado panaweza kuwa na endelezi hadi 30,000 ambazo jaribio lako halikuwa na uwezo wa kuziona. Seli ulizozigandisha siku ya kuvunja, milioni 1 kwa kila kichupa katika asilimia 10 ya DMSO, ndizo utakazozitoa sasa na kupandikiza 100,000 kwa kila panya.